Asidi Ndogo Iliyoigawa Italia

Mafuta ya zeituni ya Italia huuzwa kwa jina la mahali yalikotoka, na jina hilo lina bei yake. Kubandika lebo nyingine ni kazi ya dakika moja. Kubadilisha asidi zilizomo ndani ya chupa si rahisi hivyo. Michele Forina na wenzake wa Chuo Kikuu cha Genova waliling'ang'ania jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na data zao bado hufundishiwa kemometria, yaani taaluma ya kusoma vipimo vya kemia kwa hisabati na takwimu.

Data hizo ni za sampuli 572 kutoka maeneo tisa. Kusini: Calabria, Sicilia na pande mbili za Puglia. Sardinia: bara na pwani. Kaskazini: Umbria, Liguria mashariki na Liguria magharibi. Kila sampuli imepimwa asidi nane za mafuta, kwa hiyo chupa nzima imebaki kuwa namba nane tu, na swali ni kama namba hizo zinatosha kulitaja eneo.

Wengi hujikwaa kabla hata ya kuanza. Asidi ya oleiki peke yake huchukua kati ya asilimia 63 na 84 ya jumla; eikosenoiki haifiki hata asilimia 0.6. Uchanganuzi wa vijenzi vikuu hutafuta upande ambao sampuli zimetawanyika zaidi, basi ukiulisha namba ghafi utakuonyesha oleiki na linoleiki, na hiyo ndogo haitaonekana kabisa. Dawa yake ni kutoa wastani wa kila asidi, kisha kugawanya kwa mkengeuko sanifu, ili zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Hatua hii ina gharama: asidi iliyo karibu na kikomo cha uwezo wa mashine hupewa uzito sawa na nyingine, pamoja na makosa yake yote ya upimaji. Hapa gharama hiyo ililipa. Mafuta yote ya kusini yana eikosenoiki inayozidi asilimia 0.07, ya Sardinia na kaskazini hayafiki hapo. Asidi ambayo mtu angeifuta kwenye jedwali kwa udogo wake ndiyo inayoikata nchi vipande viwili.

Kipande cha pili hukatwa na linoleiki: Sardinia iko juu ya asilimia 10.5 hivi, kaskazini iko chini. Kwenye karatasi hakuna sampuli inayokosea njia, lakini mimi nisingeuamini mstari huo peke yake, kwa sababu unapita katikati ya sampuli zinazokaribia kugusana. Mavuno ya mwaka mwingine yangeweza kuuvuka. Ukiunganisha linoleiki na arakidiki, pengo linapanuka na uamuzi unakuwa imara zaidi.

Shida iko kusini kwenyewe. Sampuli za Sicilia zimeingiliana na za Calabria na Puglia, na idadi nazo hazilingani: Puglia Kusini ina sampuli 206, Sicilia 36, Puglia Kaskazini 25. Programu ambayo haikujifunza chochote, inayojibu "Puglia Kusini" kila inapoulizwa, itapatia sampuli 36 katika kila 100. Kwa hiyo namba moja ya usahihi wa jumla hainiambii kitu. Nataka kuona kila eneo limekosewa mara ngapi, na kwa sampuli ambazo programu haikuzitumia kujifunza.

Kuna tatizo jingine zaidi ya hilo. Mbinu inayolazimika kuchagua jina moja kati ya tisa itaipa hata chupa ya mafuta ya alizeti uraia wa Italia. Svante Wold wa Umeå, Sweden, alilipatia tatizo hilo njia mwaka 1976 kwa mbinu ya SIMCA: kila kundi hujengewa modeli yake ya vijenzi vikuu pamoja na mpaka wake, kisha sampuli mpya hupimwa kwa kila modeli. Inaweza kukataliwa na zote tisa. Inaweza pia kukubaliwa na mbili, na kwa mafuta mengi ya Sicilia hilo ndilo jibu la kweli, ingawa halimfurahishi mkaguzi anayetaka jina moja la kuandika kwenye fomu yake.