Bodie iko na mlango, Shinkolobwe iko na betoni

Bandugu, kule California kuko mji moja, Bodie. Batu balikimbilia zahabu, ikaisha, bakahama. Tangu 1962 ni parke ya historia. Habaujengi upya, banazuia tu usianguke. Chupa ziko bado ku rafu za duka. Mi naangalia picha ku telefone, wivu inanishika.

Sisi ba Likasi tuko na Shinkolobwe karibu hapa. Urani ya pale iliingia mu bomu la Hiroshima, 1945. Bafanyakazi betu balichambua mawe yale kwa mikono. Kisha visima vikazibwa na betoni. Mu 2004 mgodi ukaporomoka, batu bakafa, na mwaka ule ule mugini wa bachimbaji ukabomolewa.

Bamoja banasema: tufungue, baturisti baje. Hapana. Nilisoma agronomi, naanza na udongo, na ule uko na mionzi. Kumbukumbu iwekwe hapa mjini. Na tusiige Bodie yote: picha zake nyingi ni viti na chupa, batu wako wapi? Mi nataka kwanza liste ya majina ya bafanyakazi, hata ku ukuta wa soko.