Mcheza Kwao Hutuzwa: Suala la Mji katika Nyimbo za Gitaa za Ukambani

1. Utangulizi

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kenya wamezoea kuzigawa nyimbo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la nyimbo za kijijini, ambazo huitwa fasihi simulizi na kupewa nafasi katika mitaala ya vyuo. Fungu la pili ni la nyimbo za gitaa, ambazo huitwa muziki wa mjini na kuachiwa wenye baa na watangazaji wa redio. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kutumia mfano wa Kitui na Makueni, kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Hoja yenyewe ni hii: mwimbaji wa Ukambani anapochagua mji wa kuhamia kwa ajili ya kazi yake, kwanza huchagua hadhira, na akisha kuichagua hadhira huwa amechagua lugha na fani pia. Kwa sababu hiyo suala la mji ni suala la uhakiki, wala si la maisha ya msanii peke yake.

Mgawanyo huo una historia. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Kwa upande wa Ukambani, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikuwa amekwisha kuchapisha hadithi za Wakamba mwaka 1966, na Paul Kavyu alitoa kitabu cha utangulizi wa muziki wa Wakamba mwaka 1977. Hizo ni kazi za thamani kubwa. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa mwaka 1968 ulipitisha ngano, methali na ngoma, lakini gitaa liliachwa nje. Wathi wa kilumi, ngoma ya kuwatuliza pepo na kuomba mvua, ulipata wachunguzi. Wathi wa gitaa, uliosikika katika kila kibanda cha chai kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, haukuwapata.

2. Njia Mbili za Kutokea

Ili kuelewa uchaguzi wa mji, ni lazima kuangalia njia. Makueni, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, imepitiwa na reli na barabara kuu ya Mombasa. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei zote ni vituo vya njia hiyo. Mtito Andei iko karibu katikati ya safari, hivi kwamba kijana wa huko akisimama kando ya barabara, nauli ya kwenda Nairobi na ile ya kwenda Mombasa hazipishani sana. Kitui ilikuwa na hali nyingine. Njia yake ya zamani ilielekea magharibi tu, kwa Machakos au kwa Thika, na mwisho wake ulikuwa Nairobi, ambayo Wakamba huiita Ilovi. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui imetiwa lami na kumfungulia mtu wa Kitui njia nyepesi ya kuelekea pwani.

Lakini njia peke yake haitoshi kueleza mambo. Kama ingetosha, basi waimbaji wa Makueni wangegawanyika nusu kwa nusu kati ya miji hiyo miwili. Hapa inafaa kuwalinganisha na wachongaji wa vinyago. Wachongaji wa Kikamba walikwenda Mombasa kwa wingi, na mwaka 1963 chama chao cha ushirika kilianzishwa Changamwe. Bendi za Kikamba, kwa upande wake, zilielekea Nairobi na Thika. Sababu ya tofauti hiyo ni mnunuzi. Mnunuzi wa kinyago ni mtalii, naye hushukia pwani. Kinyago hakihitaji kufasiriwa. Mnunuzi wa wimbo ni mtu anayeielewa lugha ya wimbo.

3. Mombasa na Masikio Yake

Isidhaniwe kwamba Mombasa haikuwa na biashara ya muziki. Ilikuwa nayo, tena ya miaka mingi. Duka la Assanand lilitoa santuri chini ya jina la Mzuri, na Mbwana Radio Service ilirekodi na kuuza kanda za taarab. Hata hivyo, taarab ilikuwa na wenyewe. Ilidai vina na mizani, ilidai Kiswahili cha mafumbo kilichorithiwa, na ilidai hadhira ya harusi iliyojua kumpima mtunzi kwa neno moja tu. Mgeni kutoka bara aliweza kuipenda. Kuingia na kushindana humo lilikuwa jambo jingine.

Mlango wa pili wa Mombasa ulikuwa hoteli za ufuoni. Humo ndimo kundi la Them Mushrooms lilimojipatia riziki na kuutoa wimbo wa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wimbo huo ulizunguka dunia. Lakini mhakiki hana budi kutazama ulivyojengwa: ni wimbo wa kumkaribisha mgeni, na maneno yake ni yale ambayo mgeni anaweza kuyashika kwa jioni moja. Hadhira ya siku saba haiwezi kuulizwa habari za ukame, za mahari, wala za mke aliyeachwa Kitui. Mwimbaji aliyeuchagua mji huo aliupata ujira wa kila usiku, lakini aliziacha nje dhamira zake nzito.

4. Nairobi na Mashine Yake

Nairobi ilikuwa na vitu vitatu kwa pamoja: mitambo ya kutengenezea sahani za santuri, maduka ya jumla ya River Road, na Sauti ya Kenya. Kwa ajili hiyo iliwavuta hata watu wa mbali. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakapita Arusha, wakakaa Mombasa kuanzia mwaka 1971, kisha wakahamia Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika. Baba Gaston alitoka Kongo akapitia Dar es Salaam, na Samba Mapangala alipitia Kampala. Wote hao waliishia Nairobi kati ya mwaka 1975 na 1977. Mwimbaji wa Kitui hakuingia katika mji mtupu. Aliingia katika soko lenye mabingwa.

Soko hilo liliigusa fani yenyewe. Sahani ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa na pande mbili, na kila upande ulibeba dakika chache tu. Wimbo ukakatwa vipande viwili: upande wa kwanza kwa masimulizi, wa pili kwa gitaa kukimbia na wachezaji kujimwaga. Fanani wa kijijini, ambaye huurefusha au kuufupisha wimbo kwa kuyatazama macho ya waliomzunguka, alifunzwa na mashine kuyamaliza maneno yake kabla ya sindano kufika mwisho. Huu ni upungufu, lakini pia ni nidhamu: masimulizi yakakazwa, visa vikachaguliwa. Yeyote anayechambua muundo wa wimbo wa Kikamba wa miaka ya 1970 bila kuitaja sahani hiyo anaacha nusu ya maelezo.

Lugha nayo iliguswa. Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya ilitumia Kiswahili na kusikika nchini kote, ilhali Kikamba kiligawiwa saa chache. Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliamua kuimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili, na "Mama Sofi" ikajulikana na Wakenya ambao hawakujua neno moja la Kikamba. Peter Mwambi na Kyanganga Boys, pamoja na Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, walijulikana zaidi kwa Kikamba. Wako wanaosema kwamba Kakai aliwapa kisogo watu wake. Shutuma hiyo haisimami mtu akilitazama jina la bendi yake: Les Kilimambogo Brothers Band. "Les" ni neno la Kifaransa lililoletwa na mtindo wa Kongo. Maneno mawili ya mwisho ni ya Kiingereza. Na katikati, kama nguzo ya nyumba, limesimama jina la mlima ulioko karibu na Thika, jina ambalo sikio la Mswahili hulisikia kama kilima cha mbogo. Msanii aliyelitia jina la mlima wake katikati ya lugha za wageni hakuhama kwao. Alikwenda kukitangaza.

5. Kwao ni Wapi?

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hutumiwa kumwonya kijana asiondoke nyumbani. Lakini neno lenye uzito humo ni "kwao", na halina budi kuulizwa maana yake. Kwa mwimbaji, kwao ni pale anapoeleweka na kutuzwa. Katika miaka ya 1970 watu wa Kitui na Makueni waliofanya kazi Nairobi na Thika walikuwa na mshahara wa kununulia sahani, nao walizibeba hadi kijijini wakati wa Krismasi. Kwa hiyo sehemu ya "kwao" ilikuwa imehamia Ilovi. Mwimbaji aliwafuata watu wake huko, na kwa kuwafuata aliwafikia hata wale waliobaki nyumbani.

Hali hiyo imebadilika. Katika miaka ya 2000 vituo vya redio vya Kikamba, kama Musyi FM, vilianza kutangaza kutwa kucha, na leo studio ndogo ya kompyuta inaweza kufunguliwa Wote au Mwingi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakamba 4,663,910, na wakazi wa Kaunti ya Nairobi 4,397,073. Maana yake ni kwamba anayeimba kwa Kikamba ana hadhira inayoushinda mji mkuu mzima kwa wingi. Miaka kumi na kitu iliyopita, wimbo wa Ken wa Maria uitwao "Fundamentals" ulivuka mipaka ya Ukambani na kuchezwa nchini kote ukiwa umeimbwa kwa Kikamba. Mlango ambao Kakai aliufungua kwa ufunguo wa Kiswahili, huyu aliupita bila ufunguo huo.

Hata hivyo isihitimishwe haraka kwamba mji umekwisha kazi. Mwimbaji anayebaki nyumbani hujifunza kwa wale wanaomsifu. Nairobi ilimlazimisha Mkamba kuisikiliza benga ya Mjaluo, rumba ya Mkongo na Kiswahili cha Mtanga, na kutokana na kusikiliza huko gitaa lake lilipata kasi na mapambo yake. Kinachopotea kwa kubaki si soko tena, bali mpinzani.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Mombasa, Nairobi na kijiji ni hadhira tatu, na kila moja hudai lugha na umbo lake. Kutokana na hayo, idara za lugha zina wajibu wa namna mbili. Kwanza, nyimbo za gitaa ziingizwe katika somo la fasihi simulizi, zikiwa na majina ya watunzi na miaka yake, kabla sahani zilizobaki hazijavunjika. Pili, kijana wa Mutomo au wa Kibwezi anayeuliza ahamie mji gani asijibiwe kwa habari za studio na nauli tu. Aulizwe kwanza anataka kuimbia nani. Akilijibu hilo, mji utajichagua wenyewe. Asipolijibu, atakuwa mgeni hata katika uwanja wa soko la kwao.