Kusuka au Kuchambua? Istilahi za Manyoya ya Komondor

Rasimu ya tafsiri iliyotufikia, ihusuyo utunzaji wa mbwa wa Hungaria aitwaye Komondor, imetumia kitenzi “kusuka” kila panapotajwa manyoya yake. Sarufi yake haina dosari. Lakini atakayeifuata atamtesa mnyama.

Komondor ni mbwa mkubwa mweupe, mlinzi wa mifugo. Manyoya yake ni ya namna mbili: ya juu magumu, ya chini laini mfano wa sufu. Akuapo, yale laini hunaswa katika yale magumu, yakajisokota yenyewe hata yakawa kama kamba zining'iniazo mwili mzima. “Kusuka” hudai msukaji na mafungu yaliyopangwa, kama ya ukili. Hapa hapana msukaji. Kwa hiyo twaafiki “kujisokota”, na jina lake liwe “msokoto”, wingi “misokoto”. “Shungi” ni neno zuri, ila huelekeza fikira kichwani tu. “Rasta” laeleweka upesi, lakini limefungamana na watu na imani yao. Kumvika mbwa si adabu.

Kosa zito zaidi limo katika “kuchana”. Misokoto ikiachwa hushikana karibu na ngozi ikawa bonge moja. Mtunzaji huitenganisha kwa vidole, mmoja mmoja, hadi mashinani. Chanuo halipitishwi kamwe. Kitenzi cha kazi hiyo tunacho. Waulizwe wakulima wa Unguja na Pemba, ambao vidole vyao hutenga karafuu na vikonyo: watajibu “kuchambua”. Wahakiki wa fasihi waliliazima neno hili, hawakulinunua.

Mfasiri amemwita mtunzaji “kinyozi”. Kinyozi hunyoa, na misokoto ya Komondor huchukua miaka kurefuka! “Mtunza manyoya” latosha.

Kuhusu kuosha, rasimu yaagiza “mfute kwa taulo”. Misokoto hufyonza maji kama sifongo. Hukamuliwa kwanza, kisha hukaushwa, na kukauka kwake kwaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Unyevu ukibakia ndani, huzuka ukungu na harufu mbaya. Basi viandikwe vitenzi viwili, “kukamua” na “kukausha”, kwa mpango huo, wala kimoja kisisimame mahali pa kingine.

Twashauri rasimu irudishwe kwa mfasiri kabla ya kupigwa chapa, naye aketi na mtu aliyepata kumwosha mbwa wa namna hii.