"Kwetu" ni Neno la Nani?

Vitabu vya sarufi humwambia mtoto kuwa "mimi" ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja, kisha hupita. Mwanaisimu wa Ufaransa, Émile Benveniste, hakupita. Katika makala zake zilizokusanywa kitabuni mwaka 1966 alishikilia kuwa "mimi" haina mtu wake wa kudumu. Ni yule asemaye "mimi", wakati anapoisema. "Hapa" na "sasa" humwandama.

Wapenzi wa ushairi walilijua hilo zamani. Mwana Kupona alipotunga utendi wake, 1858, alimnenea bintiye. Mwondoe mama asemaye na binti asikilizaye, itabaki orodha ya nasaha.

Tulipeleke jambo hili bara, Kasulu na Kibondo, ambako mtoto hulelewa kwa Kiha na kusomeshwa kwa Kiswahili, na ambako kambi za Nyarugusu na Nduta zilipokea makumi ya maelfu ya Warundi tangu 2015. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, kina neno "ejo". Ni jana, na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kiamuacho. Ni siku iliyo kando ya leo ya msemaji. Basi mtoto wa Kirundi akisema "kesho nilikwenda sokoni", wakati haujampotea: kitenzi chake kimekwisha kusema kweli. Mwalimu akitia alama nyekundu bila kumwuliza leo yake ni ipi, amemfunza kunyamaza. Na zoezi la kujaza nafasi, "Juma alikwenda sokoni ......", halimfai kitu, maana huyo Juma (maskini, miaka yote hii yumo vitabuni) hana leo.

Sidharau majedwali ya ngeli. Yana kazi yake. Lakini jedwali halitamsaidia mtoto wa Kikongo aliyezaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, atakapoambiwa aandike insha juu ya "kwetu". Aandike Kivu asiyoiona, au kambi aliyoambiwa si yake? Mtabila, iliyokuwa Kasulu vilevile, ilifungwa 2012. Aliyekuwa akisema "hapa" akiwa humo, leo husema "kule".

Ningemtaka mwalimu ampe barua mbili aandike kwa mkono wake: moja kwa mwenzake wa dawati moja, ya pili kwa rafiki aliyekwisha kurejea ng'ambo ya mpaka. Kisha wakae pamoja wahesabu ni "hapa" ngapi zilizogeuka.