Mcheza Kwao Hutunzwa: Kucheza Peke Yako na Kucheza kwa Kikundi katika Michezo ya Mtandaoni

Utangulizi

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ngoma mbele ya watu wake hatoki mikono mitupu. Wapo wa kumpepea, wa kumtuza na wa kulitaja jina lake. Katika makala haya tunakusudia kuitumia methali hiyo kuhakiki jambo ambalo wengi wetu idarani hulihesabu kuwa upuuzi wa vijana, yaani michezo ya uhusika inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Swali linalotushughulisha ni hili: katika ulimwengu uliojengwa ili maelfu ya watu wakutane, kwa nini wachezaji wengi hupendelea kucheza peke yao? Na je, kijana wa Tororo au Busia anapocheza peke yake, amechagua au amelazimika?

Tukiri mapema kwamba tuliingia katika suala hili tukiwa na hukumu mkononi. Kwa muda tulikuwa tukimwona mwanafunzi wetu mmoja akikaa pembeni kila jioni, simu mkononi, hasemi na mtu. Siku moja tulimkemea kwa methali, tukamwambia kidole kimoja hakivunji chawa. Akatujibu kwa adabu: "Mwalimu, humu ndani tuko watu zaidi ya elfu moja." Tulicheka, kisha tukaomba atuonyeshe. Makala haya ni matunda ya jioni hizo.

Mchezo wa uhusika ni nini?

Msomaji asiyeifahamu michezo hii aifikirie kama tamthilia isiyo na mswada. Mchezaji humwumba mhusika wake, akampa jina, sura na kazi, kisha akamwingiza katika nchi ya kubuni ambamo wahusika wengine nao wanaendeshwa na watu halisi walio mbali. Yapo mazimwi ya kuua, bidhaa za kutengeneza, masoko ya kuuzia na ngazi za ustadi za kupanda.

Wapenzi wa fasihi watafurahi kusikia kwamba mchezo wa kwanza wa aina hii haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa matini tupu. Uliandikwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw akishirikiana na Richard Bartle, nao wachezaji walisoma maelezo ya mahali walipo na kuandika wanachotaka kufanya. Picha zilikuja baadaye, na michezo mikubwa ikafuatana: Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, RuneScape mwaka 2001 na World of Warcraft mwaka 2004.

Bartle huyo huyo, katika makala yake ya mwaka 1996, aliwagawa wachezaji katika makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaovumbua, wanaotafuta maongezi na wanaopenda kuwashinda wenzao. Mgawanyo huu unatosha kutuonyesha kwamba mchezo mmoja unaweza kuwa na nia nyingi ndani yake. Hata hivyo hautuambii chochote kuhusu gharama ya kila nia, na huko ndiko tunakoelekea.

Kikundi na masharti yake

Katika EverQuest, mchezaji asiye na wenzake hakufika mbali. Kazi ziligawanywa: mmoja akawa ngao ya kupokea mapigo, mwingine mganga wa kuponya, wengine washambuliaji. World of Warcraft iliendeleza mpango huo hadi ikawa na shimo liitwalo Molten Core, lililohitaji watu 40 kwa mpigo. Watu 40 ni darasa zima! Hebu fikiria kuwakusanya saa ileile, kila mmoja akiwa na umeme, mtandao na ruhusa ya mke au mama.

Ndiyo maana waundaji wenyewe walirudi nyuma hatua kwa hatua. Mwaka 2007 vikosi vikubwa vya kazi mpya vilipunguzwa kutoka watu 40 hadi 25. Desemba 2009 kikaja chombo cha kuwakusanya wageni kwa kompyuta, kikundi kikapatikana bila mtu kumsihi mwenzake. Mwaka 2024 yakaongezwa mapango ambayo mtu huweza kuyaingia peke yake au na wenzake wasiozidi wanne, na aliye peke yake hupewa mwandani anayeendeshwa na kompyuta.

Wapo wanaolalamika kwamba hatua hizi zimeua ujirani. Hoja yao ina uzito. Zamani, aliyewatoroka wenzake vitani alijulikana kijiji kizima, na siku nyingine hakuitwa. Kompyuta ilipochukua kazi ya kuita, jina likakosa thamani. Watu watano hukutana, humaliza kazi, hutawanyika bila hata hujambo. Kwa maoni yetu, kundi la namna hiyo ni upweke wa watu watano. Hapa ndipo tulipoanza kushuku kwamba idadi si kipimo.

Mtu wa Chuma sokoni Busia

Mwanafunzi wetu alikuwa akicheza Old School RuneScape, ambao uliingia katika simu Oktoba 2018. Katika mchezo huo upo utaratibu rasmi, ulioanzishwa Oktoba 2014, ambao tunaweza kuuita wa Mtu wa Chuma. Anayeufuata hujinyima biashara. Hauziani na wachezaji wenzake, haingii katika soko kuu, wala hapokei zawadi. Akitaka upanga, achimbe madini, ayeyushe, afue mwenyewe.

Msomaji wa mpakani atashangaa. Sisi tunaishi kati ya Malaba na Busia, mahali ambapo hata asiye na duka ana kitu cha kuuza. Mahindi, samaki, nguo na fedha za nchi mbili hupita mkono kwa mkono. Mtu atakayesimama katikati ya Busia akatangaza kwamba kuanzia leo hanunui wala hauzi, bila shaka ataulizwa kama ana homa. Kumbe katika mchezo, kiapo hicho ni heshima.

Lakini tuitazame heshima hiyo kwa jicho la mhakiki. Mtu wa Chuma hupewa alama maalumu kando ya jina lake kila anapoandika neno, na vazi la kumtambulisha, na orodha ya pekee ya kuwapanga walio kama yeye. Alama ni ya nani kuiona? Vazi la kuvaliwa mbele ya nani? Iwapo angetaka upweke wa kweli, ipo michezo mingi isiyohitaji mtandao. Yeye amechagua kujitenga palipo na watu, ili wamwone amejitenga. Kwa istilahi za fasihi simulizi, tuna fanani na hadhira. Tendo lenyewe ni majigambo. Nicolas Ducheneaut na wenzake, walipoichunguza World of Warcraft mwaka 2006, walifikia jambo linalokaribiana na hili: wachezaji walitumia muda mwingi peke yao, ila wengine walikuwapo kama watazamaji na kama uchangamfu wa mahali.

Hata fasihi yetu haimjui shujaa aliye peke yake kabisa. Tumkumbuke Fumo Liongo. Masimulizi yanamtaja kama jabali asiye na mfano. Hata hivyo alipofungwa, tupa ya kukatia minyororo ilifichwa na mama yake ndani ya mkate, ikapelekwa na kijakazi Saada, na kelele za gungu zikaufunika mlio wa tupa. Wacheza gungu hawakujua kwamba wanamsaidia. Kwa nguvu zake peke yake, Liongo angebaki gerezani. Mtu wa Chuma vilevile anatembea katika nchi iliyochangamshwa na watu wasiojua kwamba ndio wanaoupa upweke wake maana.

Tofauti ni ahadi

Ikiwa anayecheza peke yake ana hadhira, na kikundi cha wageni kinaweza kuwa kikiwa, tofauti ya kweli iko wapi? Tunadiriki kusema kwamba iko katika ahadi. Katika kikundi cha kweli yupo mtu anayekusubiri. Ukichelewa, kazi haianzi. Ukitoweka, wenzako wanakufa. Anayecheza peke yake hasubiriwi na mtu.

Kwa kijana wa huku, ahadi hiyo ina bei. Seva nyingi za michezo hii ziko Ulaya na Marekani. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu yalitegemea zaidi setilaiti, na tendo la mchezaji lilichelewa mno. Nyaya zilileta nafuu, ila bando bado linanunuliwa. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, ambamo ndimo vikundi hupangia mambo yao. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa takriban siku tano. Aliyekuwa akicheza peke yake alimkuta mhusika wake palepale alipomwacha. Aliyekuwa na kikundi cha ng'ambo alirudi akiwa msaliti, pasipo kosa lake.

Kwa mintarafu hiyo, tusiharakishe kusema vijana wetu ni wabinafsi. Mchezo huo wa mwanafunzi wetu huhesabu matendo kwa vipindi vya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo mchezaji haumii sana. Nao huchezeka katika simu ya kawaida. Aliuchagua mchezo, na kuucheza peke yake, kwa sababu ndiyo ahadi pekee aliyoweza kuitimiza.

Lugha ya kundi

Ipo bei nyingine, nayo inaihusu idara hii moja kwa moja. Tulipomwuliza mwanafunzi wetu kwa nini hakujiunga na chama, alitaja bando kwanza. Baada ya kimya akasema: "Wanaandika Kiingereza cha haraka. Nikifikiri jibu, wamekwisha kuondoka." Mchezo huo hauna toleo la Kiswahili, na vikundi vikubwa huamrishana kwa vifupisho vya Kiingereza. Hapo hachezi kwao, hivyo hana wa kumtunza.

Oktoba 2021 mchezo huohuo ulianzisha utaratibu wa Watu wa Chuma wa kikundi, kuanzia watu wawili hadi watano. Hawafanyi biashara na dunia, ila wao kwa wao wanapeana, na wana ghala la pamoja. Mwanafunzi wetu aliwapata wenzake watatu: mmoja wa darasa lake na wawili wa Busia, upande wa Kenya. Nyumbani mmoja husema Dhopadhola, mwingine Ateso, na wale wawili Kisamia. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili.

Jioni moja tulikaa nyuma yao tukasikiliza. "Mvute huku." "Usimguse kwanza." "Turudi, turudi!" "Ngoja nile, niko karibu kufa." Hizo ni amri, dhamira tegemezi, kikanushi na viambishi vya mtendwa, vimetumika papo hapo, bila kosa, na kijana ambaye darasani huinamisha kichwa tukimtaka atunge sentensi moja. Anayecheza peke yake hana wa kumwambia "ngoja". Sehemu nzima ya sarufi hulala pale ambapo hakuna mwenza.

Hatusemi kwamba kikundi hakina madhara. Tumesikia matusi humo ambayo hatutayaandika hapa, na tumeona mtu akikosa usingizi usiku wa kuamkia mtihani kwa sababu wenzake walimsubiri. Ahadi inayofunga ni ahadi pia. Anayecheza peke yake ana uhuru wa kuizima simu akasome, na uhuru huo si mdogo.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, tunaikataa hukumu tuliyoingia nayo. Kucheza peke yako palipo na watu si ukiwa, na kucheza na wengi si lazima kuwe ushirika. Kinachopasa kuulizwa ni kama mchezaji angeweza kujiunga na kikundi endapo angetaka. Asiye na bando, umeme wala lugha ya kundi hajachagua upweke. Amefungiwa mlango, kisha akasifiwa kwa kupenda nje.

Bando na umeme haviko mikononi mwa idara ya Kiswahili. Lugha iko. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo yatabaki karatasini ikiwa kijana hana mahali anapokihitaji. Vijana wanne tuliowasikia walikihitaji ili zimwi lisiwaue. Tunapendekeza kwamba katika somo la fasihi simulizi wanafunzi waruhusiwe kukusanya mazungumzo ya vikundi kama hivyo, kwa ridhaa ya wahusika, kama wanavyokusanya vitendawili na nyimbo za harusi.

Nasi tulipewa nafasi ya tano katika kikundi kile. Tulikufa mara tatu jioni ya kwanza, na kila mara tulisikia nyuma yetu: "Pole, Mwalimu. Tunakusubiri."