Mbangara ya Milimani

Ukitoka Voi, ukapita Mwatate na kuanza kupanda kuelekea Wundanyi, joto la nyika linabaki nyuma na miwa inaanza kuonekana mabondeni, kando ya vijito. Huku ndiko kwao mbangara, pombe ya miwa ya Wataita. Usitafute zabibu wala chupa yenye lebo. Kuna kibuyu tu, na hongera zangu ziwaendee wanaokijaza.

Miwa humenywa, hutwangwa, hukamuliwa. Maji yake hutiwa tunda kavu la mwegea, ambalo nyuzi zake zimehifadhi hamira ya pombe iliyotangulia, kisha huachwa penye joto. Ikinywewa mapema, bado ni tamu ya kulamba midomo. Ikikawia, ukali huishinda sukari. Mimi ni mtu wa ile ya mapema, na wazee wanicheke wapendavyo.

Heshima yake kubwa, hata hivyo, si ya ulevini. Katika kutasa, ibada ya Wataita ambayo mwanaanthropolojia Grace Harris aliieleza kwenye kitabu chake cha 1978, mzee hupiga funda la pombe au la maji ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni. Funda hilo halimezwi.