Kwenye Boya la Kugeuzia

Siku ya mashindano ya mashua Lamu, umati uliojaa ufukoni huuliza jambo moja tu: nani yuko mbele? Mimi macho yangu huwa kwenye boya la kugeuzia. Hapo ndipo nahodha anapojulikana.

Mashua ya Lamu ina mlingoti mmoja na tanga moja kubwa, lililofungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia mshazari. Kuligeuza si kuvuta kamba tu. Foromali husimamishwa wima kando ya mlingoti, tanga likapitishwa kwa mbele hadi upande wa pili, na demani, kamba inayolitawala, ikazungushwa pamoja nalo. Wakati huohuo mifuko ya mchanga, ambayo ndiyo farumi, huburutwa kutoka ubavu huu hadi ule. Mabaharia waliokalia ubao uliochomoza nje ya chombo nao huingia ndani, wakausukumia ubao upande wa pili, wakaupanda tena. Yote hayo chombo kikiyumba na miguu ikiteleza. Mmoja akichelewa, tanga hupigapiga bure na aliyekuwa nyuma anapita.

Nahodha aliyeiva humsikii akifoka hapo. Kazi yake alikwisha kuifanya mapema: nani mzito na akae wapi, nani mwepesi wa mikono apewe demani. Mwenyewe yuko tezini kwenye usukani, tanga limemziba; asiyoyaona huambiwa na mtu wa omoni, naye huamini anachoambiwa. Na upepo ukija kwa kishindo, mwenye demani huuhisi viganjani kabla ya mtu mwingine yeyote. Akingoja amri ndipo alegeze, chombo kitalala. Ruhusa hiyo amepewa tangu pwani. Ile methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama tunapenda kuitumia kumnyamazisha mtu mkutanoni. Waliowahi kubisha na kusi kwenye mkondo wa Shela, kati ya Lamu na Manda, nadhani wangeitumia kwa uangalifu zaidi.

Kuna kazi nyingine isiyopigiwa makofi. Siku chache kabla ya mashindano chombo hupwelezwa, majani na makombe yaliyogandia chini yakakwanguliwa, nyufa zikatiwa kalafati. Kisha huja deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Hupakwa kwa viganja, ubao baada ya ubao, mpaka mkuku, mahali ambapo hakuna mtazamaji atakayepaona. Nahodha anayewaachia vijana kazi hiyo na kwenda zake kunywa kahawa, mimi simpi nafasi kubwa.

Upepo nao haumwachi mtu alewe ushindi. Mashindano ya Maulidi hufuata Mfungo Sita, na mwezi mwandamo haujali misimu: miaka mingine huangukia kusi, mingine kaskazi, mingine maleleji, pepo zinapogeukageuka. Bingwa wa kaskazi huenda akajikuta kwenye kusi na mpango usiofaa, akalazimika kuwapanga watu upya.

Jioni barazani, mshindi hupongezwa upesi, yakaisha. Mjadala mrefu ni wa mashua iliyoshika nafasi ya pili: demani ililegezwa mapema mno, au mchanga ndio uliochelewa? Kila mzee ana yake, na kijana aliyeshika demani amekaa papo hapo, anawajibu wote.